Wimbo Unaomsubiri Mtoto

Wahenga walinena kuwa ngoma ya watoto haikeshi. Methali hii aghalabu hutumiwa kwa kebehi, kwamba jambo lililoanzishwa na wasiokomaa halifiki alfajiri. Lakini wapo watoto ambao ngoma yao, kabla ya kuulizwa kama itakesha, ilichelewa mno hata kuanza. Hao ni watoto waliozaliwa na hali za kijenetiki zinazochelewesha ukuaji wa akili, wa usemi na wa viungo. Kwa muda mrefu waliitwa mataahira na mazezeta, wakafichwa vyumba vya uani au wakapelekwa katika majumba ya mbali na watu. Na pale walipokaribishwa kwenye muziki, walikaribishwa ama kama wagonjwa wa kuliwazwa, ama kama masikini wa kuonewa huruma.

Historia ya jinsi taasisi za hisani zilivyoutumia muziki kuwarudisha watoto hawa katika mkusanyiko wa wenzao ni ndefu, na ina makosa yake. Chini ya matukio yake yote limo swali moja, ambalo mtu aliyekulia penye ngoma hahitaji kufafanuliwa: nani anaanza wimbo, na nani anauitikia?

Ukumbi wa Normansfield

Mwaka 1847, mchungaji Andrew Reed aliongoza harakati za kuanzisha nchini Uingereza makao ya hisani kwa watu wenye ulemavu wa akili. Jengo lake kubwa lilifunguliwa Earlswood, kusini ya London, mwaka 1855. Makao hayo yaliendeshwa kwa fedha za wafadhili, na wafadhili hao walikuwa na haki ya kupiga kura kuamua nani apokewe na nani asubiri. Familia ya mtoto ililazimika kuwaomba matajiri wasioijua wawape kura zao. Hisani ya zama zile ilikuwa na mlango, na ufunguo wa mlango huo ulikaa katika mkono wa mtoaji.

Mwaka 1858 alikabidhiwa uongozi wa Earlswood daktari kijana, John Langdon Down. Ndiye aliyeeleza kitaalamu, mwaka 1866, kundi la watoto waliofanana kwa sura na kwa mwenendo, na ambao leo hali yao inaitwa kwa jina lake. Katika kuwaainisha, Down alifuata fikra za wakati wake kuhusu rangi za binadamu, akawafananisha na watu wa Mongolia. Jina hilo la kukosea liliwaandama watoto kwa karibu karne nzima. Mwaka 1961 kundi la wanasayansi liliandika katika jarida la tiba la Lancet kutaka liachwe, na mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani likaliacha, baada ya Mongolia yenyewe kulalamika.

Hata hivyo, katika andiko hilohilo la 1866, Down aliona jambo ambalo wengi waliomfuata walilipuuza. Alisema watoto hao ni wacheshi, na wana kipaji cha kuigiza. Mwaka 1868 aliondoka Earlswood, akafungua pamoja na mkewe, Mary, makao yao wenyewe yaliyoitwa Normansfield, kando ya London. Hayakuwa ya hisani, kwani familia zenye uwezo zililipa. Mwaka 1879 ndani yake ulifunguliwa ukumbi wa michezo wenye jukwaa kamili, mapazia yaliyochorwa na mapambo ya kifahari. Siku za Jumapili ukumbi huo uligeuka kanisa, na siku nyingine ulikuwa wa muziki na maigizo. Down aliamini kuwa burudani ni sehemu ya malezi, na kwamba akili iliyolala huamshwa kwa sauti na mchezo kuliko kwa kufuli.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini bado ilikuwa hatua ya mtu mzima. Programu ilipangwa na wakubwa, na mtoto alitakiwa alingane nayo. Aliyeweza kukaa kitako akasikiliza, alisikiliza. Asiyeweza alirudishwa chumbani. Mwaka 1905 mjukuu wa Down mwenyewe alizaliwa akiwa na hali aliyoieleza babu yake, ambaye wakati huo alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Hospitali ya Normansfield ilifungwa mwaka 1997, na baada ya hapo jengo lenye ukumbi ule likawa makao ya jumuiya ya hisani ya Uingereza inayowatetea watu wenye hali ya Down. Jukwaa lililojengwa kwa ajili yao likaja kuwa mikononi mwa jumuiya yao.

Mwaka 1959

Mwezi Januari 1959, mjini Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu 47 badala ya 46, na kwamba ile ya ziada inahusiana na jozi ya 21. Idadi ya 46 yenyewe ilikuwa imethibitishwa miaka mitatu tu kabla. Gautier ndiye aliyezikuza seli zilizowezesha ugunduzi huo, ingawa jina lake lilikaa kivulini kwa miaka mingi. Kwa mara ya kwanza mzazi aliweza kuambiwa kwa hakika kwamba kilichompata mwanawe hakikutokana na laana, wala na kosa la mama.

Mwaka huohuo, katika kijiji cha Clent karibu na Birmingham, jambo jingine lilitokea bila ya kelele. Hapo palikuwa na Sunfield, makao ya watoto wenye ulemavu yaliyoanzishwa mwaka 1930. Mwalimu mmoja wa hapo, Clive Robbins, alikutana na mgeni kutoka Marekani aliyeitwa Paul Nordoff. Nordoff, mzaliwa wa Philadelphia wa mwaka 1909, alikuwa mtunzi mwenye jina na profesa wa Chuo cha Bard. Aliwahi kutunga muziki wa ngoma ya jukwaani ya Martha Graham. Angeweza kubaki katika heshima hiyo hadi uzeeni. Badala yake aliiacha kazi ya uprofesa, akakaa kwenye piano mbele ya watoto ambao wengi wao hawakuwa na maneno.

Uzito wa uamuzi huo hauonekani mpaka ukumbukwe mtazamo wa sheria za zama zile. Nchini Uingereza, mtoto aliyehukumiwa kuwa hafundishiki alitolewa katika mikono ya idara ya elimu na kuwekwa chini ya idara ya afya. Hakuwa mwanafunzi. Sheria iliyofuta hukumu hiyo ilipitishwa mwaka 1970 na kuanza kutumika Aprili 1971. Kwa hiyo Nordoff na Robbins walipoanza, wengi wa watoto wa namna hiyo hawakuhesabiwa na dola kuwa ni watu wa kufundishwa lolote.

Njia yao ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda. Mtoto alipewa ngoma na toazi. Nordoff alikaa kwenye piano, Robbins akasimama karibu na mtoto. Hakuna aliyemwambia mtoto apige vipi. Mtoto akipiga kwa haraka, piano ilikwenda naye kwa haraka. Akipiga bila ya mpangilio, mpigaji alitafuta humo humo mpangilio uliojificha. Akinyamaza, piano ilinyamaza. Mara nyingine Nordoff aliuacha muziki ukining'inia kabla ya sauti yake ya mwisho, kama mtu anayeacha nafasi katika mazungumzo, akasubiri. Na mtoto, ambaye maisha yake yote alikuwa ameambiwa afuate, siku moja alinyanyua kigongo akaimaliza sentensi.

Katika kisa kimoja walichokiandika, mvulana wa umri wa miaka kama mitano aliingizwa chumbani akilia kwa ukali na kujitupa. Nordoff hakujaribu kumnyamazisha. Alikisikiliza kilio, akakitafutia sauti zake kwenye piano, akaimba ndani ya kilio hicho. Baada ya muda kilio kikaanza kubadilika. Kikawa na vituo, kikawa na kupanda na kushuka, kikawa jibu. Mtoto aligundua kuwa ile sauti iliyowafukuza watu ilikuwa imepata mtu wa kuiitikia.

Kazi yao haikuishia kwa mtoto mmoja mmoja. Huko Sunfield walitunga mchezo wa muziki uitwao Pif-Paf-Poltrie, kutokana na ngano iliyokusanywa na ndugu wawili wa Kijerumani, Grimm. Ngano hiyo ni ya posa. Kijana anamtaka binti, naye anapitishwa kwa baba, kwa mama, kwa kaka na kwa dada. Kila mmoja anamsalimia, anamjibu, na kumpeleka kwa mwingine. Mchezo wa namna hiyo unawafaa watoto wanaosahau maneno marefu, kwa sababu kila mmoja ana jibu lake fupi, na bila ya jibu hilo posa haiendelei. Kujumuishwa kwao hakukuwa kupewa kiti mstari wa mbele. Kulikuwa kupewa neno ambalo wenzao wote wanalingojea.

Fedha, Nyota na Huruma

Baada ya Clent wawili hao walifanya kazi Marekani, wakaandika vitabu, wakafundisha wengine. Mwaka 1974 mafunzo ya kwanza ya njia yao yalianza London, chini ya mwanamuziki Sybil Beresford-Peirse, na taasisi ya hisani yenye majina yao, Nordoff Robbins, ikakua hapo. Nordoff alifariki mwaka 1977. Robbins aliishi hadi 2011.

Taasisi hiyo ilihitaji fedha, kwani mwanamuziki mmoja kumsikiliza mtoto mmoja, wiki baada ya wiki, ni kazi ghali isiyo na njia ya mkato. Msaada ulitoka kwa wenye biashara ya muziki. Mwaka 1976 ilianzishwa tunzo ya kila mwaka, na wa kwanza kuipokea lilikuwa kundi la The Who. Mwezi Juni 1990 lilifanyika tamasha kubwa la nyota wa muziki katika viwanja vya Knebworth, na mapato yake yalikwenda kwa taasisi hiyo pamoja na skuli ya sanaa ya London. Muziki wa viwanja vilivyojaa ukawa unakilipia chumba kimoja chenye piano, ngoma na mtoto.

Mapatano hayo yalikuwa na faida, lakini hapo ndipo hatari ya zamani iliponyemelea upya. Hisani inayotegemea michango hushawishika kumwonyesha mtoto ili mfuko ufunguke. Nchini Uingereza, televisheni moja ilizoea kuendesha kipindi cha mfululizo wa saa 27 cha kuchangisha fedha, ambamo nyimbo za wasanii zilipokezana na picha za watoto wenye ulemavu. Mwaka 1992 watu wenye ulemavu wenyewe walikusanyika nje ya studio hizo mjini London kupinga. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa mwimbaji aliyejulikana kwa jina la Johnny Crescendo. Hawakukataa msaada, walikataa kuoneshwa. Walidai haki mahali pa huruma, na waliidai kwa nyimbo. Kipindi hicho hakikurudi tena baada ya mwaka huo.

Funzo la siku ile ni zito kwa kila jumuiya inayompandisha mtoto jukwaani. Wimbo uleule unaweza kumjumuisha mtoto au kumtenga, kutegemea umeelekezwa kwa nani. Mtoto anayeimba pamoja na wenzake huwa mwimbaji. Mtoto anayeimbishwa mbele ya wafadhili ili watoe, hata ashangiliwe vipi, amerudi Earlswood kungojea kura.

Kosa Lililokuwa Jibu

Wakati hayo yakijadiliwa, sayansi ilikuwa ikizitambua hali nyingine. Mwaka 1961, daktari J. C. P. Williams wa New Zealand alieleza hali ambayo sasa inaitwa kwa jina lake, na ambayo mwaka 1993 iligunduliwa kuwa inatokana na kukosekana kwa kipande kidogo cha kromosomu ya 7. Watoto wenye hali ya Williams huwa wachangamfu kwa watu, wagumu wa kuhesabu na kupima nafasi, na wengi wao huumizwa na kelele za ghafla. Ajabu ni kuwa wengi kati ya haohao wanaoziba masikio kwa mlio wa mashine huupenda muziki kwa mapenzi makubwa.

Wazazi waliokuwa wameungana katika jumuiya ya hisani ya Marekani walianzisha, mwaka 1994, kambi ya muziki ya kiangazi huko Lenox, Massachusetts. Kutokana na juhudi hizo kikazaliwa, mwaka 2001, chuo cha bweni cha vijana wenye ulemavu wa akili wapendao muziki, katika mji wa South Hadley wa jimbo hilo. Vijana hao walijifunza muziki, na kupitia muziki wakajifunza kupanga siku, kupika, kupanda basi na kuishi na jirani.

Mwaka 1998 watafiti wawili, Daniel Levitin na Ursula Bellugi, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililofanywa na watoto na vijana wenye hali ya Williams. Mtafiti alipiga makofi kwa mahadhi fulani, na msikilizaji akatakiwa ayarudie yalivyo. Kwa idadi ya majibu sahihi, hawakupitwa na watoto wa kawaida waliolinganishwa nao. Tofauti ilikuwa katika makosa. Watoto wa kawaida walipokosea, mara nyingi walivuruga mahadhi. Wenye hali ya Williams walipokosea, aghalabu walitoa makofi mengine yaliyooana na yale ya kwanza, kana kwamba wameuchukua upande wa pili wa wimbo. Mtihani ulitaka mwangwi. Wao walitoa kiitikio. Kwa kipimo cha karatasi, hilo ni kosa. Kwa mtu wa ngoma, huyo ndiye aliyesikia.

Hali ya Rett ni nzito zaidi. Ilielezwa na daktari wa Vienna, Andreas Rett, mwaka 1966, na jeni yake ilitambuliwa mwaka 1999 na watafiti wa Houston walioongozwa na Huda Zoghbi. Huwapata zaidi wasichana. Mtoto huanza vyema, kisha maneno aliyokwisha kuyapata humtoka, na mikono yake hupoteza kazi ikabaki kujisokota. Mtu asiyejua hudhani akili imeondoka pamoja na maneno. Huko Israel, Cochavit Elefant aliwapa wasichana 7 wenye hali hiyo nafasi ya kuchagua kati ya nyimbo 18 zilizowakilishwa kwa picha, kwa kutazama au kwa kugusa. Utafiti wake, uliokamilika mwaka 2002, ulionesha kuwa walichagua kwa makusudi, walijifunza, na waliyakumbuka waliyojifunza. Walikuwa na nyimbo wazipendazo na nyimbo wasizozitaka. Mtoto aliyedhaniwa hana lolote la kusema alikuwa, muda wote huo, anasubiri kuulizwa.

Si Dawa

Uaminifu unataka yasemwe pia yale ambayo muziki hauyawezi. Hakuna wimbo unaoiondoa kromosomu ya ziada, wala kukirudisha kipande kilichokosekana. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 9 kwa watoto 364 wenye usonji, hali ambayo jeni zina sehemu kubwa ndani yake. Nusu yao walipata tiba ya muziki pamoja na huduma ya kawaida, nusu huduma ya kawaida pekee. Baada ya miezi mitano, ukali wa dalili zilizopimwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana baina ya makundi mawili.

Wako walioyapokea matokeo hayo kama hukumu ya kuufunga mlango. Lakini yaliyopimwa yalikuwa dalili. Kama taasisi ya hisani imewaahidi wazazi kuwa muziki utamponya mtoto, basi imeahidi isichonacho, na ni haki isutwe. Kama imeahidi kuwa mtoto atapata mahali katika mkusanyiko wa watu, ahadi hiyo hupimwa kwa njia nyingine: je, wenzake wanamngoja zamu yake ifike? Je, asipokuwepo, wimbo unapwaya? Je, baada ya tamasha kwisha na wafadhili kuondoka, kesho yake ataitwa tena?

Swali la mwisho ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu muda wa maisha umebadilika. Uingereza ya mwaka 1929 mtoto mwenye hali ya Down alitarajiwa kuishi kiasi cha miaka 9. Leo, penye matibabu mazuri, wengi wao hufikia miaka 60. Mradi wa miezi sita, uliotungiwa mtoto, unamwacha mtu mzima wa miaka 40 bila ya wimbo. Na hapo ndipo methali ya wahenga inapowageukia wakubwa. Ngoma hii isipokesha, kosa si la watoto. Wao wako tayari kukesha. Wanaokwenda kulala mapema ni waliowasha taa na kuahidi mafuta.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema katika kifungu chake cha 30 kwamba watu hao wapewe nafasi ya kukuza vipaji vyao vya ubunifu, si kwa manufaa yao pekee, bali pia kwa kuitajirisha jamii. Maneno hayo ya mwisho yanaugeuza mzani wote wa hisani. Jamii imezoea kujiona ni mtoaji na mtoto ni mpokeaji. Mkataba unasema jamii nayo imepungukiwa kitu, na mtoto huyo anacho.

Kabla ya mkataba wowote, jambo hilo lilikwisha kuonekana katika chumba kimoja cha Clent mwaka 1959: mtunzi aliyekwisha kushangiliwa kwenye majukwaa makubwa, vidole vyake vimetulia juu ya piano, ameuachia wimbo wake mahali usipoweza kuishia, akimngoja mtoto mwenye kigongo mkononi aamue lini utakwisha.